Ilikokwenda Hofu ya Tusekile

Siku hofu ilipomtoka, Tusekile alisikia njaa. Si njaa ya kuonja-onja, njaa hasa, ya kutaka ndizi za kupika na maharage na parachichi zima, kisha kuuliza kama sufuriani kumebaki kitu. Mama mkwe wake alisimama na mwiko mkononi akimtazama anavyofuta sahani kwa kidole, asijue acheke au amshukuru Mungu.

"Huo mkanda waliokufunga kliniki, wamesahau kukuwekea na wa kupunguza kula?" aliuliza.

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Ndizi ni zangu."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa kigeni ndani ya nyumba ile. Tangu siku ya picha ya mimba kule kliniki, hakuna aliyekuwa akicheka pale bila kulitazama kwanza tumbo la Tusekile, kama mtu anayeomba ruhusa.

Siku hiyo ya picha, nesi Kalunde alikigeuza kioo ili mama mwenyewe aone. "Hili ndilo kondo la nyuma," alisema. "Linaitwa la nyuma kwa sababu kawaida yake ni kumfuata mtoto. Mtoto anatoka, nalo linatoka nyuma yake. Lako limetangulia. Limekaa mlangoni kabisa, limeziba njia."

Tusekile aliuliza kama haliwezi kuhama. Nesi akamwambia makondo mengi huhama mimba ikiwa bado changa, tumbo linavyotanuka, lakini hilo lilishapewa muda wake na likakataa. Atajifungua kwa upasuaji. Mpaka siku hiyo asibebe kizito, asilale na mumewe, asikae mbali na msaada. "Na ukiona damu, hata kidogo, usingoje uchungu. Damu ya hili haiumi. Ndiyo ubaya wake."

Neno hilo, haiumi, ndilo lililomla. Tusekile alikuwa mtu wa kusubiri dalili. Kazi yake ilikuwa kusikiliza visima vya mvuke kule juu mlimani Rungwe, ambako mtambo unavuta joto la ardhi na kuwasha taa za mkoa mzima, na kisima kikitaka kuharibika hunguruma kwanza. Sasa aliambiwa kuna hatari isiyonguruma. Akawa anakwenda chooni kila mara kukagua khanga. Jasho likimtiririka pajani, moyo unasimama. Akichekeshwa anajibana, akipiga chafya anajishika chini ya tumbo kwa mikono miwili. Mumewe, Anyosisye, alikuwa akimwambia, "Usiwaze sana, Tuse," naye anajibu, "Sawa," kisha anaendelea kuwaza. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Presha ikapanda. Nesi alipoiona namba kwenye kipimo alitikisa kichwa, akasema hofu imeshakuwa ugonjwa wa pili, na ugonjwa huo wa pili una dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa nipokee.

Miaka ile kliniki zote za nyanda za juu zilikuwa nazo. Ni mkanda mwembamba wa kijivu unaofungwa chini ya matiti, pamoja na punje ndogo kama mbegu ya papai inayobandikwa nyuma ya sikio la mtu mwingine. Mkanda unaidaka hofu kwenye damu kabla haijapanda kichwani, unairusha hadi kwenye punje, na kuanzia hapo mwenye punje ndiye anayeogopa. Vikishafungwa havitoki ila kwa mashine za kliniki, ingawa mama anaweza kuidai hofu yake kwa kuusemesha mkanda kwa sauti yake mwenyewe. Waliotengeneza walijaribu kwanza kuizima tu. Haikuzimika, iliyozimwa asubuhi ilirudi jioni na mwenzake. Ikabidi itafutiwe pa kwenda. Kiwandani kifaa hicho kilipewa jina refu la kitaalamu, lakini watu wakakiita nipokee, lile neno unalomwambia anayekukuta njiani una mzigo kichwani.

Masharti yalikuwa mawili. Mpokeaji awe na moyo mzima, na awe mtu anayeongea na mama kila siku. "Maana wewe mwenyewe hutashtuka," nesi alisema. "Yeye ndiye atashtuka, na lazima aweze kukuuliza una nini."

Anyosisye alisema atapokea yeye. Wakampeleka chumba cha pili kubandikwa, Tusekile akafungiwa mkanda chumba cha kwanza, na kabla hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi akasikia kitu kama mtu aliyeketi kifuani mwake ameinuka na kuondoka.

*

Hofu ikiondoka, nafasi yake hujazwa na kitu, na kwa Tusekile kilikuwa udadisi. Alianza kuuchungulia mwili wake kama jirani mbea. Aliweka kiganja juu ya tumbo na kukisia hapa ni kisigino, hapa ni kiwiko, na pale chini, mlangoni, ndipo yule mkorofi alipojikalia. Alijiuliza kondo linafikiri nini, kama linajua limekosea njia au linaona wengine ndio waliokosea. Maswali ambayo wiki iliyopita yangemtoa machozi sasa alikuwa akiyatafuna kama miwa.

Swali moja halikutafunika. Hofu yake ilikuwa wapi?

Mtu aliyefanya kazi na mvuke anajua kwamba presha haipotei, inahama. Ukiifungulia huku, kuna bomba fulani kule linalotetemeka. Lakini Anyosisye hakuwa anatetemeka. Alikuwa anakula vizuri, anapiga mluzi akinyoa ndevu, na akilala anakoroma kama zamani. Tusekile alimtazama siku ya kwanza, ya pili, akaona hapana, huyu mtu hajabeba hata kikapu.

Akaamua kupima. Jumapili mchana walikuwa wameketi barazani, mumewe anamenya muwa, mvua imekatika, ukungu bado umekaa kwenye migomba. Tusekile alifumba macho na kujilazimisha kuwaza mambo yote mabaya: damu, njia imeziba, mtoto hapumui, jina lake linasomwa kanisani. Aliyapanga moja baada ya jingine kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo. Kisha akafumbua jicho moja.

Anyosisye alikuwa anatema makapi. "Wataka kipande?"

Wakati huohuo, ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ya mzee, kikombe kilianguka sakafuni kikavunjika.

Ile nyumba ilikuwa ya baba mkwe. Tusekile hakuwahi kuingia humo. Mjini watu wengi walishaiacha adabu ya zamani ya mke kumkwepa baba wa mumewe, lakini ukoo huu uliishika kwa mikono yote. Mzee alikuwa na njia yake uani na Tusekile yake. Mzee akikaribia kona alikohoa, kikohozi kimoja kikavu kisicho na ugonjwa, na Tusekile alijibanza nyuma ya mgomba au kujifunika khanga mpaka apite. Kwa miaka yote ya ndoa aliujua mgongo wake, kofia yake na kikohozi chake, basi. Hawakuwahi kusemezana. Jina lake hakulitamka kamwe. Hata lile neno la Kinyakyusa lenye maana ya kuita, kwa kuwa lilikaa ndani ya jina hilo, alilikwepa na kuazima la Kiswahili.

Aliwaza mabaya tena, kwa makusudi, akisikiliza. Ng'ambo kule kigoda kilikwaruza, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Tusekile aliingia ndani akabonyeza mkanda. "Nirudishie," alisema.

Mkanda ulijibu kwa ile sauti yake tulivu: "Kwa usalama wako, taja jina la mpokeaji."

"Anyosisye."

"Jina hilo silo."

Alirudi barazani akasimama mbele ya mumewe, tumbo likamzibia jua. "Punje iko kwa nani?"

Muwa ulisimama njiani. Anyosisye alitazama ng'ambo ya ua, akatazama miguu yake. "Kwa mzee," alisema.

"Mzee yupi?"

"Tuse, kuna mzee mwingine hapa?"

Alieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kukamatwa. Walimbandika ile punje kliniki, yeye mwenyewe, akaanguka. Nesi alimpepea kwa kipande cha boksi. "Ile uliyokuwa unatembea nayo," alisema, "sikujua. Nilikuwa nakwambia usiwaze. Nilikuwa naongea upuuzi, mke wangu. Sikumaliza hata dakika na kitu ulichokuwa unapika nacho, unafua nacho, unalala nacho." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mama presha yake unaijua. Mzee alikuwa amenisindikiza, amekaa kwenye benchi nje. Akaingia akasema, nipeni mimi."

"Na sharti la kuongea kila siku?"

"Nesi aliuliza. Nikasema mnaongea."

"Ukasema tunaongea."

"Nesi Kalunde ni mtu wa Tabora. Ningeanzia wapi kumweleza?"

Tusekile alitaka kukasirika, akagundua kwamba hasira yake ilikuwa na mguu mmoja. Ule wa pili ulikuwa hofu, na hofu ilikuwa ng'ambo ya ua. Kilichobaki kilikuwa mshangao. Mtu ambaye hapaswi kumtazama usoni alikuwa anatetemekea tumbo lake. Anajua nini huko ndani? Anajua ni hofu ya nini, au inamjia tu bila jina, anapochonga mpini, anapokula?

"Wewe taja jina lake basi, mkanda unirudishie."

"Mkanda unasikia sauti yako tu."

Walikubaliana watakwenda kwa nesi wiki itakayoanza, aitoe kwa mashine zake. Tusekile alikubali upesi mno, na alijijua. Ukweli ni kwamba aliupenda utulivu ule. Alikuwa analala. Mtoto alikuwa anacheza na yeye anacheza naye. Siku chache tu, alijiambia, mzee ana moyo wa chuma. Akala kipande cha muwa, kikawa kitamu, na utamu ule ukamuudhi kidogo.

*

Jumatano Anyosisye alipanda mtamboni na mama mkwe akaenda msibani. Tusekile alibaki barazani anachambua maharage kwenye ungo. Akasikia joto chini, kama maji yaliyomwagika, akainuka na kutazama.

Nyekundu kweli, aliwaza.

Alikuwa amedhani itakuwa nzito na nyeusi. Hii ilikuwa nyepesi, inang'aa, na kama nesi alivyosema, haikuuma hata kidogo. Ilikuwa imelowesha kitenge na ilikuwa inaendelea. Kwenye mkanda kulikuwa na kitufe chekundu cha kuita ndege ya wagonjwa, na alijua kwamba anatakiwa kukibonyeza. Atakibonyeza. Lakini akiondoka hivi kuku watayamaliza maharage. Akainama akaanza kuyakusanya, kwa utaratibu, huku akiangalia namna tone linavyotanuka juu ya saruji.

Ng'ambo ya ua mlango uligonga ukuta.

Mzee alikuja kwa njia ya Tusekile, si kwa njia yake. Hakuwa na kofia. Hakukohoa. Tusekile hakuwahi kusikia kona ile ikipitwa bila kikohozi, na kwa mshangao huo alisahau kujifunika. Kwa mara ya kwanza alimwona baba mkwe wake usoni. Ulikuwa uso wa Anyosisye uliozeeka, mashavu yameingia ndani, na juu yake kulikuwa na kitu alichokifahamu vizuri sana. Yale macho yaliyotoka, ile midomo mikavu, ule mkono uliojishika chini ya tumbo ambamo hamna kitu: alikuwa anaitazama hofu yake mwenyewe, iko kwa mtu mwingine.

Mzee alifungua mdomo, akashindwa. Alikaa chini pale kwenye ngazi ya baraza, mkono ukahama kutoka tumboni kwenda kifuani, kisha akalala ubavu na ungo ukapinduka.

"Baba," alisema Tusekile kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

Alielewa. Alielewa kwa akili safi kabisa, na huo ndio ulikuwa uchafu wake. Kadiri damu ilivyomtoka ndivyo hofu ilivyozidi kutengenezwa, na yote ilikuwa inakwenda kwa mzee huyu, mbichi, bila kupungua. Angekufa yeye kwa kutoogopa, na mzee kwa kuogopa.

Alibonyeza mkanda. "Nirudishie."

"Kwa usalama wako, taja jina la mpokeaji."

Alifungua mdomo, na ulimi ukagoma. Mkanda ulikuwa umechukua hofu, lakini haya uliiacha ilipo. Alikuwa amelea ukimya ule miaka yote. Ndio ulikuwa heshima yake katika nyumba hii, ndio uliomfanya mama mkwe amwite mwanangu mbele za watu. Na mwenye jina yuko hapo miguuni, anamsikia.

Midomo ya mzee ilikuwa inageuka rangi.

"Ambilikile," alisema Tusekile. Mzee alifumbua macho. "Ambilikile. Mpokeaji wangu ni Ambilikile."

Hofu ilirudi mara moja. Ilimwingia kwa nguvu ya mvuke, ikajaza kifua, ikapanda shingoni, na ile nyekundu iliyokuwa inang'aa vizuri ikawa damu, damu yake, damu ya mtoto wake. Tusekile alipiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wakasikia. Alikibonyeza kitufe, akakibonyeza tena ingawa mara moja ilitosha, akalala kwa ubavu wa kushoto kama alivyofundishwa huku analia na kuita mtoto kwa majina ambayo hawajakubaliana bado.

Ndege ya wagonjwa haina rubani na haina nafasi. Mikono yake ya chuma iliwapakia wote wawili, ikawalaza bega kwa bega, sauti ya nesi Kalunde ikitoka juu ikiuliza maswali. Mzee, pumzi zilipoanza kumrudia, aligeuza uso wake ukutani. Tusekile alivuta khanga akajifunika kichwa. Walikwenda hivyo, juu ya mashamba ya chai, wakishikilia adabu yao kwenye nafasi isiyotosha hata kugeuka.

Tusekile alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Mwanangu," sauti ilisema kutoka ukutani. Hakuwahi kuisikia ikimsemesha yeye. "Ogopa tu. Nimeibeba, naijua. Si ya kijinga."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alilia kwa namna nyingine, na mtetemeko ukapungua kidogo, si sana, kiasi cha kuweza kuhesabu mateke ya mtoto na kumjibu nesi.

*

Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi Kalunde alikuwa na mkanda mpya mkononi. "Tumtafute mwingine wa kukupokea? Mumeo yuko njiani."

"Ataanguka tena."

"Ataanguka," nesi alikubali.

"Nitaingia nayo. Nishike mkono tu."

Nesi alimshika. Tusekile aliogopa mwanzo mpaka mwisho, waziwazi, meno yakigongana, akiuliza kila kitu: mnafanya nini sasa, mmelifikia, ni damu kiasi gani hiyo. Wakamjibu kila swali. Kondo lilitolewa, damu ikawatoa jasho kisha ikakubali kusimama, na kabla ya hapo, katikati ya vurugu zote, kitoto cha kike kilichokuja kabla ya wakati wake kilikuwa kimeshalia, kidogo, chembamba, kimekasirika.

Mama na mtoto waliporuhusiwa kukaa pamoja, Anyosisye hakutoka pembeni ya kitanda. Alimletea mkewe ndizi, uji, mto wa pili, na hakusema tena usiwaze. Siku moja mchana alikuwa ameketi hapo anakunja nepi vibaya, ndipo kikasikika kikohozi koridoni. Kimoja, kikavu, kisicho na ugonjwa.

Anyosisye aliinuka. "Wamemruhusu mzee. Nimwambie asubiri?"

Tusekile alitazama huku na huku. Alikuwa na mshono tumboni, na hapakuwa na mgomba wa kujibanza nyuma yake. Alivuta pazia la kitanda mpaka likafunga, akajifunika khanga kichwani, kisha, taratibu, akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili na kumpitisha kwenye upenyo wa pazia, hadi viwiko vyake vikawa upande wa pili.

Nyayo zilikaribia, zikasimama. Mikono ya Tusekile ilianza kuchoka.

"Nipokee, baba," alisema.

Na uzito ukamtoka mikononi.